Chatu wa Kadzo binti Mwero

Hakuna aliyempisha Kadzo njia pale Kona ya Musa, Ukunda, asubuhi ile, na hilo lilikuwa kosa lao. Ilikuwa siku ya soko, mwezi wa Septemba mwaka 1963, na wauza machungwa, wauza mihogo na wauza samaki wa kukaanga walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Kadzo alipita katikati yao na kikapu cha ukili kichwani, leso mpya zimemkaa vizuri, shingo wima. Alikuwa na mwendo wa mtu anayejijua, na waliomfahamu walisema ameurithi kwa baba yake. Basi mama mmoja aliyekuwa akikimbilia basi akampiga kikumbo. Kikapu kikaanguka, kifuniko kikabingirika upande, na chatu mchanga, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, akateleza nje akaanza kutembea mchangani bila wasiwasi wowote.

"Nyoka! Jamani, nyoka!"

Soko likafutika. Karai la mafuta lilibaki likichemka bila mwenyewe, na muuza ndizi mmoja mnene, ambaye miaka yote alilalamikia magoti, alionekana juu ya paa la kibanda. Aliyebaki wima ni kijana mmoja tu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa makini, utepe wa kupimia nguo ulining'inia shingoni mwake, na mkononi alishika kikombe cha kahawa. Chatu alimwendea moja kwa moja, akampanda juu ya kiatu, akajikunja hapo.

"Usitikisike," Kadzo akamwambia.

"Sitikisiki."

"Hana sumu huyu."

"Wala sijauliza."

Kadzo alichutama, akapitisha mkono chini ya tumbo la chatu, akamwinua taratibu. Kisha akamtazama yule kijana kuanzia viatu mpaka nywele.

"Wanaume wa Ukunda wote wametimua mbio, wewe umebaki. Huogopi?"

"Dada, miguu ndiyo iliyokataa. Ingekubali, saa hizi ningekuwa Likoni nangojea feri."

Kadzo alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa amezoea wanaume wanaojigamba mbele yake. Aliyekiri hofu yake bila kuulizwa mara mbili hakuwa amepata kumwona.

"Jina langu Chirau," kijana akasema. "Nashona nguo Msambweni. Nimekuja kumtafuta mtu anayeitwa Kadzo wa chatu."

"Umempata. Na kahawa yako imemwagika yote kwenye suruali."

Jina hilo, Kadzo wa chatu, lilijulikana kutoka Ukunda hadi Shimoni. Baba yake, mzee Mwero wa kule Kinango, ndiye aliyeanza. Alikuwa akiokota mayai ya chatu katika mashimo ya ngiri anapolima, anayaangua, anawalea watoto wao, kisha anawagawa kwa wenye maghala ya mahindi na mbata. Chatu mmoja mpole ndani ya ghala humaliza panya bila kelele. Mzee alipochoka kusafiri, kazi ikaenda kwa binti yake. Kadzo alihamia Ukunda kwa shangazi yake, akapewa kibanda nyuma ya kinu cha kusaga unga cha mzee Chande, na wenye maghala waliocheka kumwona mwanamke akija na kikapu walinyamaza panya walipokwisha. Kadzo hakuificha fahari yake, na kwa nini aifiche?

Alimchukua Chirau hadi kwenye kibanda chake. Huko kijana akaeleza haja yake. Mwezi wa Desemba nchi ingepata Uhuru, na pale Kwale ngoma zote za pwani ya kusini zingecheza mbele ya watu. Yeye alikuwa mchezaji wa mbele katika kikundi cha ngoma alichokiongoza Matano huko Msambweni. Alitaka kuingia uwanjani na chatu shingoni.

"Chatu si utepe wako huo wa kutundika shingoni," Kadzo alimwambia. "Ana tabia yake, na ana namna yake ya kula. Kwetu hatumtoi mpaka anayemtaka amwone akila mara tatu. Ukikosea kuchagua, unajitesa wewe na unamtesa yeye."

"Na mwenye chatu naye nitamwona hizo mara tatu?"

"Ulimi wako umepona haraka kuliko miguu."

Palikuwa na masanduku matatu yenye vifuniko vya wavu. Katika la kwanza alikaa chatu mnene mwenye mabaka yanayong'aa. Kadzo alipolikaribia tu, yule chatu akaurusha mdomo akagonga wavu.

"Huyu naye anaitwaje?"

"Bwana Shauri, kama yule Mzungu wa wilaya. Anang'ata kila anayekuja na shida, na hashibi."

Chirau akaangua kicheko. "Nipe huyu! Watu wamwone Bwana Shauri shingoni mwangu siku ya Uhuru!"

"Ngoma ikilia atakung'ata shavu, wakuone ukilia mbele ya wazee. Huyu anakula sana, lakini hasira zake haziishi. Tazama wa pili."

Wa pili aliitwa Biarusi. Alikuwa ameficha kichwa katikati ya mikunjo yake. Ukimshika hang'ati, lakini anatetemeka, na hali mpaka watu wote waondoke. Kuna wakati alipitisha mwezi mzima hajagusa kitu, na Kadzo akawa anamwamkia kila asubuhi kama mgonjwa.

"Mpole lakini mgumu kulisha," Kadzo alisema. "Upole peke yake hautoshi. Asiyekula atakufia mkononi."

Wa tatu ndiye aliyeanguka sokoni. Kadzo alimchukua panya aliyekufa kutoka mtego wa kinu, akamshika kwa kijiti mbele ya sanduku. Yule chatu alitoa ulimi, akanusa, akasubiri, kisha akamchukua panya bila vurugu. Alianza kichwani, akameza taratibu mpaka mkia, akanyoosha taya zake, akaenda kulala pembeni.

"Karani," Kadzo akamtambulisha. "Anafanya kazi yake, anafunga ofisi."

Hivyo ndivyo Chirau alivyoanza kwenda Ukunda kila siku ya kulisha. Alifundishwa kunawa mikono kwanza, maana mkono unaonuka kuku chatu huuona ni kuku. Alifundishwa kutomwinua Karani akiwa na uvimbe wa chakula tumboni, la sivyo atatapika. Alifundishwa kumwingizia mkono kutoka chini, si kumshukia kutoka juu kama mwewe. Na alifundishwa jambo moja ambalo Kadzo alilirudia mara nyingi.

"Ukiona macho yake yamekuwa na ukungu na amekataa chakula, anataka kujivua gamba. Siku hizo haoni vizuri, na asiyeona anaogopa kila kitu. Hata Karani atang'ata. Mwache gizani mpaka amalize. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Usiniite mwalimu."

"Nikuite nani? Laazizi?"

Kadzo alimrushia kitambaa cha kupangusia masanduku. Lakini jioni ile alijikuta akilitamka neno hilo peke yake huku anachambua mchele, na shangazi yake akamwuliza anazungumza na nani.

Mara ya tatu Chirau alikuja na mfuko wa kumbebea Karani. Aliushona mwenyewe kwa vipande vilivyobaki katika bendera za sherehe, cheusi, chekundu na kijani, na ndani aliutia bitana laini isiyokwaruza magamba. Mshono wake ulikuwa mdogo na umenyooka. Kadzo aliugeuza nje ndani, akautafutia kosa, akalikosa. Alijua hapo hapo kwamba anampenda mtu huyu, na jambo hilo lilimtia hofu ambayo hakuna nyoka aliyewahi kumtia.

"Niambie bei ya Karani," Chirau akasema.

"Sitaki pesa yako. Siku ile, mbele ya Kwale nzima, utasema chatu huyu amelelewa na nani. Utalitaja jina langu na la baba yangu. Hiyo ndiyo bei."

"Hiyo tu?"

"Hiyo si ndogo, Chirau. Watu wanawajua chatu wangu, wanakula unga usio na panya, lakini kwenye mkutano hakuna aliyewahi kusimama akasema ni kazi ya binti Mwero."

Chirau aliweka mkono kifuani akaapa. Akaondoka na mfuko wake begani, na kabla ya kukata kona aligeuka mara nyingi mno hivi kwamba aligongana na punda wa maji.

Mzee Chande alikuwa na simu pale kinuni, na aliitunza kama mboni ya jicho. Duka la Mhindi kule Msambweni lilikuwa nayo pia. Basi zikaanza simu.

"Haloo! Kadzo? Amekula!"

"Amekula nini?"

"Panya mzima! Kisha akalala! Na mimi sijalala tangu juzi kwa kukuwaza!"

"Punguza sauti, watu wanasaga unga hapa."

"Wasage! Waambie Chirau anakupenda!"

"Simu hii ni ya biashara," mzee Chande alilalamika, lakini hakusogea hata hatua moja kutoka mahali anaposikia vizuri.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwanzo wa Desemba. Ndipo wakaja wanawake wawili wa Msambweni kusaga mahindi yao, nao wakawa wanazungumza juu ya ngoma ya Matano. Wanasema mchezaji wake ana chatu. Wanasema alimshika mwenyewe katika msitu wa Shimba kwa mikono mitupu, wakapigana mpaka jua likachwa. Matano amelitangaza kila mtaa, na huyo Chirau mwenyewe alikuwa amesimama pale pale.

"Alikuwepo?" Kadzo akauliza. "Akasema nini?"

"Atasema nini? Alikuwa anatabasamu tu."

Kadzo aliendelea kuchekecha unga wa watu kana kwamba hakusikia kitu. Moyoni alikuwa anaungua. Angemsamehe kuchelewa, angemsamehe hata kumpoteza Karani. Lakini bei aliyoitaja ilikuwa moja tu, na mtu wake ameila kwa tabasamu.

Siku mbili kabla ya sherehe simu ikalia.

"Kadzo, roho yangu, Karani amekataa panya. Nimempa jana, nimempa leo, hataki. Na macho yake sijui yamekuwaje, yana rangi ya maziwa. Matano anasema nimwingize hivyo hivyo. Nifanyeje?"

Kadzo alishika simu kwa mikono miwili. Jibu alikuwa nalo mdomoni.

"Kwanza niambie. Nani alimshika chatu huyo?"

Alisikia watu wa dukani wakiulizana bei ya sukari.

"Kadzo, nisikilize..."

"Mwulize aliyemshika kwa mikono mitupu. Yeye atajua la kufanya."

Akaikata simu. Mzee Chande akajitia kuhesabu magunia.

Siku iliyofuata ilimwendea vibaya. Alikasirika, kisha akajikasirikia kwa kukasirika. Alimwona Karani katika fikra zake, haoni, ngoma zinalia pande zote, amewekwa shingoni mwa mtu. Atang'ata, hapana budi. Na chatu akimng'ata mtu mbele ya umati, umati hauulizi ana tabia gani. Fimbo zitashuka. Watamuua Karani, na watasema chatu wa Kadzo si wa kuaminiwa. Na Chirau? Kadzo alijiambia Chirau hamhusu tena. Alijiambia mara nyingi, na kila mara jambo hilo lilizidi kuwa uongo.

Asubuhi ya Uhuru alivaa gauni la kijani, akajifunga leso kiunoni, akamwendea mzee Chande.

"Shikamoo, mzee. Lori lako linakwenda Kwale?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuwekea nafasi mbele tangu alfajiri. Nilijua utakuja."

Kwale siku ile haikuwa Kwale ya siku zote. Bendera mpya zilipepea juu ya kila duka, wazee walivaa kanzu walizoziweka kwa ajili ya Idi, watoto walipakwa mafuta mpaka wakang'aa. Watu waliokuwa hawajuani walishikana mikono. Kadzo alibeba furaha ya nchi yake na uchungu wake mwenyewe, vyote kwa pamoja, akawa anasukuma watu kwa kiwiko ili afike mbele.

"Samahani mama. Nipishe baba. Nina mgonjwa wangu hapo."

Alichelewa. Ngoma ya Matano ilikuwa tayari uwanjani. Matano mwenyewe, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, alishika kipaza sauti.

"Wananchi! Mnamwona kijana huyu? Aliingia msitu wa Shimba peke yake! Akamshika chatu kwa mikono mitupu! Leo atamvaa mbele yenu!"

Ngoma zikapigwa, vigelegele vikapanda. Chirau alitoka katikati ya wachezaji, kifua wazi, njuga miguuni, na ule mfuko wa rangi tatu mkononi. Kadzo akasukuma tena kwa kiwiko. Chirau aliweka mfuko chini kivulini, kwa upole, kama anayelaza mtoto. Kisha akainua mkono. Ngoma zikakatika moja baada ya nyingine.

Akamwendea Matano, akakichukua kipaza sauti.

"Wananchi, sikuingia msitu wowote," alisema. "Mimi ni fundi cherehani. Nyoka huyu nilipomwona mara ya kwanza, miguu yangu iligoma kukimbia. Huo ndio ushujaa wangu wote."

Watu wakacheka. Matano alijaribu kumnyang'anya kipaza sauti, Chirau akamkwepa.

"Matano alisema nimemshika, mimi nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu ilinipendeza kusifiwa. Sasa nasema ukweli. Chatu huyu amelelewa na Kadzo binti Mwero, wa Kinango. Unga mnaokula hauna panya kwa sababu yake. Yeye alinifundisha kwamba macho ya chatu yakiwa na ukungu haguswi, anajivua gamba. Leo macho yake yana ukungu. Nimemkosea Kadzo mwenyewe, sitamkosea na chatu wake. Sitamtoa."

Kadzo hakujua uso wake unafanya nini. Halafu bibi mmoja aliyeketi mkekani mbele kabisa akapaza sauti.

"Mwacheni! Hata nyoka leo anavua gamba la mkoloni!"

Kwale nzima ikalipuka. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, na jina lake likaanza kupita kutoka mdomo hadi mdomo. Binti Mwero. Yuko wapi binti Mwero? Mzee Chande, aliyekuwa nyuma yake, akamsukuma kwa kiganja.

"Nenda, mwanangu. Umeitwa."

Kadzo aliingia uwanjani kwa mwendo wake ule ule, shingo wima. Hakukimbia, wala hakuinamisha kichwa. Aliuchukua mfuko, akautia kwapani penye kivuli cha leso, akasimama watu wote wamwone. Kisha akamtazama Chirau.

"Sasa cheza," akamwambia. "Umelipa."

Na Chirau akacheza, bila chatu shingoni, na waliokuwepo walisema hajawahi kucheza vile.

Baadaye walikaa nyuma ya lori. Mfuko ulikuwa mapajani mwa Kadzo, na ndani yake Karani alikuwa ametulia.

"Ungalinijibu kwenye simu ile," Chirau alisema, "nisingalijua kama naweza kukumbuka peke yangu."

"Usinigeuzie hasira yangu kuwa wema. Nilitaka ung'atwe."

"Ni kweli?"

"Kidogo. Mkononi tu."

"Kadzo, nataka kuja kwa baba yako."

Kadzo aliupapasa mshono wa mfuko.

"Kwetu unajua desturi. Hatuchukui mpaka tumwone akila mara tatu."

Gamba la Karani lilitoka lote kwa kipande kimoja, na siku chache baadaye akala panya wawili. Chirau naye alipanda Kinango. Mara ya kwanza alipewa sima kwa mboga chungu ya mchunga, akala bila kukunja uso. Mara ya pili alipewa sima kwa maziwa ya mgando, akala mpaka akapangusa bakuli. Mara ya tatu alikuja na wajomba zake, amevaa kanzu aliyoishona mwenyewe, Karani begani anang'aa kama aliyezaliwa jana, na akachinjiwa kuku. Mzee Mwero alikaa mbele yake, akamtazama anavyonawa, anavyomega, anavyotafuna.

"Shikamoo nyingi hazinidanganyi," mzee alisema hatimaye, akimgeukia binti yake. "Wewe ndiye mwenye jicho. Umemwonaje?"

Kadzo alisimama mbele ya baba yake na wajomba wa Chirau.

"Hana pupa, baba. Ananawa kwanza. Akikosea anasema mbele za watu. Nimemchagua mimi mwenyewe, na sibadilishi."

Mzee Mwero akacheka, akamsogezea Chirau paja la kuku lililobaki.